Tembo wa Tabora: Dhahabu Iliyopita Kando ya Buha

Kabla rupia haijafika Buha, nchi ya Waha, mali ilitembea kwa miguu yake au ilibebwa begani. Ng'ombe ndiye aliyefunga utii na urafiki baina ya mwami (mtawala), watware (wasaidizi wake) na watu wa kawaida, kwa desturi ya ubugabire: mtu alikabidhiwa ng'ombe amfuge, naye akabaki na wajibu kwa aliyemkabidhi. Jembe la chuma liliingia katika mahari, na lilinunua mbuzi. Chumvi ya Uvinza, iliyochemshwa kutoka chemchemi za kando ya mto Ruchugi, ilipanda milimani hadi Heru na Muhambwe, nchi ambazo leo tunaziita Kasulu na Kibondo. Kule chini ziwani, katika soko la Ujiji, kulikuwa na fedha nyingine kabisa: shanga zilizoitwa sofi. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyefika Ujiji mwaka 1874, alizifananisha na vipande vya shina la kiko lililovunjika. Msafiri aliyekuja na kitambaa alikwenda kwanza kuvunja kitambaa chake apate sofi, ndipo anunue samaki na ndizi. Katika hesabu yote hiyo dhahabu haikuwa na kazi.

Nalitaja hili mapema kwa sababu sarafu ninayotaka kuieleza, ile ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, husimuliwa karibu siku zote kutoka upande wa aliyeitengeneza au upande wa anayeinunua leo katika mnada wa Ulaya na Marekani. Kuna upande wa tatu: ule wa watu walioishi kando ya reli ileile, waliolipa kodi kwa serikali ileile, wakabeba mizigo ya vita vilevile, na ambao dhahabu ile haikuwafikia mkononi. Waha ni miongoni mwao.

Rupia yenyewe iliingia nchini kwa mlango wa kodi. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kupiga sarafu zake mwaka 1890, zikiwa na sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, kwa uzito uleule wa rupia ya India ambayo watu wa pwani walikuwa wameizoea. Mwaka 1898 serikali ikaanza kukusanya kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka kwa nyumba ya kijijini. Miaka ya mwanzo mtu aliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi, lakini shabaha ilikuwa fedha taslimu. Buha, iliyokuwa mbali na pwani na ikitawaliwa chini ya wilaya ya Ujiji, iliguswa baadaye kuliko pwani, lakini iliguswa. Mtu wa milimani aliyekuwa na asali, nta, samli na mbuzi alilazimika kutafuta mahali pa kuvigeuza kuwa kipande cha fedha chenye masharubu ya Kaisari. Wengine walishuka kwenye kazi ya chumvi Uvinza, ambako kampuni ya Kijerumani ilikuwa imejenga kiwanda. Wengine walibeba mizigo. Wengine wakaenda kutifua tuta la reli.

Mwaka 1904 serikali iliacha hesabu ya pesa 64 kwa rupia na kuleta heller, 100 kwa rupia moja. Wakati huohuo thamani ya rupia ilifungwa kwenye fedha ya Ujerumani: rupia 15 zilikuwa sawa na marki 20. Msomaji aishike namba hiyo, maana ndiyo itakayozaa sarafu ya tembo. Heller za shaba, na baadaye zile zenye tundu katikati, zilikuwa ndizo fedha hasa za mtu wa kawaida. Zilitungwa kwenye uzi, zikafichwa ndani ya kibuyu, zikahesabiwa kwa vidole mpaka sura zake zikafutika. Rupia ya fedha, yenye uzito wa gramu 11.66, ilikuwa kitu kizito. Mtu aliigonga juu ya jiwe asikie mlio wake kabla ya kuikubali.

Februari 1914 reli ya kati ilifika Kigoma, baada ya kufika Tabora miaka miwili nyuma. Kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam hadi ziwani. Kwa mtu wa Kasulu, dunia ya fedha ilisogea ghafla mpaka mwendo wa siku chache kwa miguu. Miezi sita baadaye vita vikaanza.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyopiganwa katika koloni hili vimeandikwa sana kwa habari za majemadari, lakini vilikuwa pia vita vya noti na chenji. Waingereza walifunga bahari mwanzoni mwa 1915. Sarafu mpya hazikuja tena kutoka Berlin na Hamburg, na akiba ya rupia za fedha ikawa inamalizika, kwani aliyeipata hakuitoa. Hilo ni jambo ambalo kila mama wa sokoni analielewa: fedha nzuri ikiwa na shaka ya kesho, inaingia chini ya godoro. Benki ya koloni, Deutsch-Ostafrikanische Bank, ikachapisha noti za muda humuhumu nchini, juu ya karatasi yoyote iliyopatikana. Baadaye, mwaka 1917, serikali ikiwa imekimbilia porini kusini, ilifikia hatua ya kugonga noti za rupia moja kwa mihuri ya mpira. Lakini hata zile za mwanzo, zilizochapishwa vizuri kidogo, zilimfikia mtu aliyezoea kugonga fedha juu ya jiwe. Karatasi haigongwi. Mkulima aliyetakiwa kuuza mtama wake kwa jeshi kwa karatasi alikuwa na haki ya kuuficha mtama, na wengi waliuficha.

Basi serikali ikaamua kujipigia sarafu yenyewe, Tabora.

Mahali penyewe palikuwa karakana ya reli, chumba cha mafundi wa chuma na mafuta ya mashine. Humo ndimo zilimotoka sarafu za mwaka 1916 zenye herufi ndogo T, alama ya Tabora. Kwanza zilikuwa za shida: heller 20 na heller 5, za shaba njano na nyingine za shaba nyekundu, zilizofuliwa kutoka maganda matupu ya risasi za mizinga na mabaki yoyote ya shaba yaliyokusanywa. Zile za heller 20 zilipigwa karibu milioni mbili. Ukizitazama leo utaona haraka yake: taji limeegemea upande, namba zimevimba, ukingo huku mnene huku mwembamba. Ndizo zilizokwenda sokoni. Ndizo zilizolipa askari na wapagazi. Naziheshimu sana sarafu hizi mbovu, na nitazirudia.

Kisha ikaja dhahabu. Koloni lilikuwa na mgodi mmoja wa maana, Sekenke, huko Iramba kando ya nyanda za Wembere, uliofunguliwa miaka michache kabla ya vita. Dhahabu yake haikuweza kusafirishwa kwenda Ujerumani kwa kuwa bahari imefungwa. Ikaletwa Tabora.

Hapa inafaa kukaa kidogo na mizani, maana namba za sarafu hii zinasema mambo ambayo maandishi yake yanaficha. Sarafu ina uzito wa gramu 7.168. Dhahabu ndani yake ni robo tatu, yaani gramu 5.376, na robo iliyobaki ni fedha na shaba. Imeandikwa rupia 15, ambazo kwa kiwango rasmi ni marki 20. Lakini sarafu ya kweli ya marki 20, ile iliyopigwa Ujerumani, ilikuwa na dhahabu safi ya gramu 7.168. Namba ni ileile! Waliofanya hesabu Tabora walichukua uzito wa dhahabu safi uliotakiwa, wakaufanya uzito wa sarafu nzima, na robo yake ikawa madini mengine. Ukikokotoa, dhahabu iliyomo ndani ya rupia 15 za Tabora ilikuwa na thamani ya marki 15, si 20. Hata dhahabu, iliyoletwa iokoe heshima ya karatasi, ilikuwa imepunjwa robo. Sisemi ulikuwa wizi. Dhahabu ya mgodini yenyewe huja na fedha ndani yake, na karakana ya reli si kiwanda cha kusafishia madini. Ila ni vema ijulikane, kwa sababu wauzaji wa leo hupenda kuisifu sarafu hii kana kwamba ilitoka kwenye hazina iliyojaa.

Mihuri ya chuma ya kupigia chapa ilichongwa na sonara kutoka Ceylon, kisiwa ambacho leo kinaitwa Sri Lanka. Hilo halipaswi kumshangaza anayeijua Tabora ya zama zile, mji wa Waarabu, Wahindi, Wamanyema, Wanyamwezi, Wagiriki wa reli. Upande mmoja yupo tai wa dola ya Ujerumani na maneno ya koloni na thamani. Upande wa pili yupo tembo, mkonga umeinuliwa, anapiga kelele, nyuma yake milima ambayo kwa kawaida husemwa kuwa Kilimanjaro. Chini ya tembo mwaka 1916, na ile T ndogo. Tai ni wa kawaida tu, mamia ya sarafu yana tai kama huyo. Tembo ndiye anayeifanya sarafu hii isisahaulike. Ana ngozi yenye mikunjo, ana uzito, anasimama kama mnyama aliyeshtuliwa kweli. Mkono uliomchonga ulizoea kazi ndogo ndogo za mapambo ya wanawake, na unaonekana.

Na ni tembo aliyewekwa mahali pake. Tabora ilikua kwa pembe za ndovu. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo iligawanyika hapo, tawi moja likaenda Ujiji kupitia Uvinza. Pembe zilizopita njia hiyo zilitoka Manyema ng'ambo ya ziwa, na nyingine katika nchi za mto Malagarasi na mbuga za Moyowosi, chini ya milima ya Kibondo. Sonara yule huenda hakulifikiria hilo.

Sarafu zilizopigwa ni 16,198. Wakusanyaji wanazigawa makundi mawili kwa alama moja ndogo: katika upande wa tai kuna mapambo ya mistari iliyojipinda, na ncha ya pambo la kulia inaishia chini ya herufi tofauti katika neno OSTAFRIKA, kwa sababu ulitumika muhuri zaidi ya mmoja. Kundi moja ni 9,803, jingine 6,395. Zote pamoja zina dhahabu safi ya kilo 87 hivi, na thamani iliyoandikwa juu yake ni rupia 242,970. Nimeigawa namba hiyo kwa kiwango cha kodi cha rupia 3: ni kodi ya mwaka mmoja ya nyumba karibu 81,000. Sarafu moja ya tembo ilikuwa kodi ya nyumba tano. Hebu fikiria nyumba tano za nyasi juu ya mgongo wa mlima wa Heru, na asali, nta na siku za kubeba mizigo zilizotakiwa kutoka humo, zikae zote juu ya kiganja kimoja.

Wakati mafundi wa Tabora wanapiga dhahabu, vita vilikuwa vinaingia Buha. Wabelgiji walivuka kutoka Kongo katika miezi ya Aprili na Mei 1916 chini ya Jenerali Charles Tombeur. Brigedi ya kusini, iliyoongozwa na Mdenishi Frederik Olsen, ilishuka kupitia Burundi, ikakata nchi ya Waha kuelekea reli. Nchi ambayo ilikuwa na majeshi mawili ndani ya msimu mmoja, kila moja likila ng'ombe na mtama na kuchukua vijana kubeba mizigo, haikuwa na muda wa kujadili sarafu. Wapagazi walikufa kwa maelfu pande zote za vita hivyo, kwa njaa na kuhara na uchovu kuliko kwa risasi. Tarehe 26 Julai Wajerumani waliizamisha kwa makusudi meli yao kubwa Goetzen karibu na mdomo wa Malagarasi, baada ya kuipaka mashine zake grisi ili siku moja ifufuke. Ndiyo ile ambayo baadaye tuliijua kama Liemba. Siku mbili baadaye Kigoma ikaanguka. Tarehe 19 Septemba 1916, Wabelgiji waliingia Tabora.

Kiwanda cha sarafu kikaisha hapo. Kilifanya kazi kwa miezi, si miaka. Dhahabu iliyokwisha kupigwa ilikuwa imekwisha kuondoka, ndani ya mifuko ya watu wachache, wengi wao Wazungu. Na hapa ndipo ilipo siri ya sarafu hizi kupatikana hadi leo, nyingine zikiwa katika hali nzuri ajabu: hazikufanya kazi iliyokusudiwa. Aliyeipata aliifunga kwenye leso akaihifadhi. Kuna waliotekwa nazo, kuna waliorudi nazo kwao, kuna waliozishona kwenye nguo. Nyingine zilitobolewa zikawa kidani. Fedha iliyotengenezwa ili watu waiamini iliaminiwa mno, hata haikutumika.

Kasulu na Kibondo, kwa upande wao, zilibaki chini ya Wabelgiji pamoja na Kigoma mpaka Machi 1921, ndipo Waingereza wakakabidhiwa. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Heru mwaka 1900 aliona, kabla hajafikisha miaka ishirini na mitano, jembe na ng'ombe, rupia ya Kaisari, heller yenye tundu, noti ya vita, utawala uliozoea faranga, na mwishowe shilingi yenye simba wa Mfalme George. Kila mabadiliko ya fedha ni hasara kwa aliyeweka akiba katika fedha ya jana. Vibuyu vingi vya heller vilikufa hivyo.

Mtu anayekusanya sarafu za dhahabu leo hatafuti dhahabu. Hilo linahitaji kuelezwa, maana wengi wetu tunadhani bei inatoka kwenye madini. Gramu 5.376 ni kama sehemu ya sita ya wakia. Wakia ikiuzwa dola 2,000, dhahabu iliyomo ndani ya tembo wa Tabora haifiki dola 350. Sarafu yenyewe, ikiwa safi, hununuliwa kwa maelfu ya dola. Tofauti hiyo inalipwa kwa ajili ya mambo mawili, uchache na hali.

Hali ndiyo yenye ugomvi. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon aliandika kuhusu senti kubwa za shaba za nchi yake, akaweka kipimo cha daraja 1 hadi 70. Daraja 60 na kuendelea ni sarafu ambayo haikupita mikononi kabisa. Tangu 1986 na 1987, kampuni mbili za Marekani, PCGS na NGC, zimeufanya upimaji huo kuwa biashara: unawapelekea sarafu, wanaitazama kwa lenzi, wanaifunga ndani ya kisanduku cha plastiki chenye namba. Kati ya daraja 62 na 65 jicho la kawaida halioni kitu, ila bei inaruka. Wanatazama mikwaruzo midogo, wanatazama mng'ao wa asili kama bado unazunguka uso unapoigeuza mwangani, wanatazama sehemu zilizoinuka kuliko nyingine, ambazo ndizo huchakaa kwanza. Kwa tembo wa Tabora, ni bega, sikio na mkunjo wa goti.

Lakini sarafu ya karakana ya reli ina matatizo yake, na mpimaji asiyeijua historia hii anaweza kuidhulumu. Mashine haikukandamiza sawasawa kila mara, kwa hiyo sarafu ambayo haijawahi kuguswa inaweza kuwa na sikio hafifu, kana kwamba limechakaa. Muhuri ulipoanza kupasuka uliacha mstari mwembamba ulioinuka. Rangi hutofautiana, nyingine njano iliyopauka, nyingine ina wekundu wa shaba, kwa kuwa mchanganyiko haukuwa sawa katika kila chungu. Mkusanyaji mzuri anajua kutenganisha alama ambayo sarafu imezaliwa nayo na jeraha ambalo dunia imeipatia. Ndiyo sababu naona ukusanyaji ukifanywa kwa akili ni kazi ya mwanahistoria, hata kama mwenyewe ni daktari wa meno huko Munich.

Bandia ni nyingi. Tembo anapendwa, na kilichopendwa huigwa. Nyingine zilitengenezwa kwa ajili ya vidani tu, bila nia mbaya, kisha zikapanda mnadani. Mizani ya sonara inatosha kuumbua nyingi kati ya hizo, kwa kuwa uzito ukipotea kwa nusu gramu hakuna maelezo yatakayouponya.

Tukitaka kuipanga rafu ya dhahabu ya Afrika Mashariki, tembo hayuko peke yake. Zipo sarafu tatu za dhahabu zinazojulikana za Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, wa mwanzo wa karne ya 14, yule aliyepokea ugeni wa Ibn Battuta mwaka 1331. Tatu tu, kwa mji uliopitisha dhahabu ya Sofala kwa vizazi! Ipo riyali 5 ya dhahabu ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Ipo shilingi 1,500 ya Tanzania ya mwaka 1974, yenye Mwalimu Nyerere upande mmoja na duma upande mwingine, iliyotolewa kuchangia hifadhi ya wanyama, nayo haikukusudiwa kununulia chochote dukani. Na nje ya kwetu ipo ile ya Marekani ya dola 20 ya mwaka 1933: zilipigwa 445,500, karibu zote zikayeyushwa kabla ya kutoka, na moja iliyowahi kuwa ya Mfalme Farouk wa Misri iliuzwa mwaka 2021 kwa karibu dola milioni 19. Bei hiyo pia ililipiwa sarafu ambayo haikununua hata mkate.

Soko la wakusanyaji linatunza kilichofungiwa. Nalikubali, na uzuri wa tembo asiye na mkwaruzo naukubali pia. Lakini ninachoamini ni kwamba usafi ule nao ni ushahidi: unatuambia ni nani hakuishika. Heller 20 ya shaba, iliyofutika taji, yenye daraja la chini kabisa kwenye kipimo cha Sheldon, imepita kwa askari, muuza maharage, mpagazi, karani wa kodi, ikarudi sokoni. Mwanahistoria wa Buha ana mengi ya kuiuliza hiyo kuliko ile ya kwenye plastiki. Makumbusho yoyote yatakayowahi kuonyesha tembo wa Tabora peke yake, bila heller mbovu kando yake, yatakuwa yamesimulia nusu.

Rupia na heller bado zimo majumbani. Zimo kwenye masanduku ya bibi, kwenye shanga za waganga, chini ya udongo wa viwanja vya zamani. Na zimezungukwa na uvumi: kwamba rupia fulani ina zebaki ndani, kwamba ina nguvu ya kuvuta vitu, kwamba yuko tajiri mjini anayelipa mamilioni. Ni utapeli. Rupia ya fedha ni fedha na shaba, basi. Anayekuja Kasulu akitaka amana ya fedha kwanza ili akuletee mnunuzi, mwambie aende zake.

Wenye nazo nina maneno machache kwao. Usiisugue kwa mchanga, majivu wala dawa ya meno. Dakika moja ya kuing'arisha inaondoa uso ambao miaka mia haikuuondoa, na inaondoa pia bei yake. Ishike kwenye ukingo. Ifunge kwenye karatasi kavu, si kwenye nailoni inayotoka jasho. Ukiona T chini ya mwaka 1916, ipime kwa sonara unayemwamini mbele ya macho yako, kisha ionyeshe Makumbusho ya Taifa kabla hujamwonyesha mfanyabiashara. Zaidi ya yote, andika kwenye karatasi ileile jina la aliyekuwa nayo, kijiji chake, na kazi aliyoifanya akaipata. Maandishi hayo yawekwe pamoja na sarafu, na nakala yake ipelekwe shule ya kijiji.

Wazee waliosikia habari za Mbelgiji na Mjerumani kutoka kwa baba zao wanapungua kila mwaka. Waulizeni mwaka huu.